Paa mmoja, risasi moja: ni kalibre gani inatosha?

Mwezi wa tisa, muzee mmoja wa Kipushi alitufikia kwenye biro ya sendika, telefone mkononi. Ni mtu tunayemheshimu. Alishuka mu mina ya Kipushi toka ujana wake mpaka mina iliposimama mwaka 1993, na sikio lake la kushoto lilibaki kule chini. Kwa hiyo alipofungua ujumbe wa sauti wa mwana wake, aliufungua kwa nguvu yote, biro nzima ikasikia.

Mwana anaishi Erie, mji wa jimbo la Pennsylvania, Marekani. Alipita kambi ya Meheba, Zambia. Leo ana karatasi za kukaa daima na kazi mu kiwanda. Alisema hivi: "Papa, barafiki ya kazi balinialika tuende kuwinda paa mu mwezi ya kumi na moja. Inaomba nikuwe na bunduki yangu. Mutu wa duka anasema nikamate kalibre ya nguvu sana. Jirani yangu, muzee wa makaa ya mawe, anasema hapana, ile ya zamani inatosha. Naomba kwanza baraka yako, kisha shauri."

Muzee alizima telefone. Alikaa kimya kidogo, halafu akatuambia: "Miye niliona bunduki ya kutosha mu ile mwaka ya 91, wakati basoda balipora Lubumbashi. Bunduki ni kitu ya kuombea baraka? Mumujibu ninyi, juu mulizoea baruti."

Ndugu wasomaji, sisi tumezoea maswali ya salere, ya konje na ya viatu vya kazi. Swali hili lilikuwa la kwanza. Lakini kati yetu wako kamarade wawili waliofanya kazi ya butefe miaka mingi. Wanajua baruti inafanya nini na haifanyi nini. Tukasoma, tukahesabu, tukaongea na yule jirani kwa telefone, kijana akitafsiri. Jibu tunaliandika hapa, juu nyumba nyingi za kwetu zina mtoto kule ng'ambo, na swali hili litarudi.

Kule, paa ni chakula

Kwanza tujue mnyama. Ni yule wa mkia mweupe kwa chini; Wafaransa wanamwita cerf de Virginie. Biblia yetu, kwenye Zaburi ya 42, inamtaja ndugu yake kwa jina la ayala. Sisi hapa tutamwita paa, ili tuelewane. Dume mkubwa anaweza kupita kilo 80 akiwa hai. Si mnyama mkubwa kama nyati. Ngozi yake si nene, mifupa yake si ya kutisha. Neno hili tulishike, litarudi.

Pennsylvania ni nchi ya makaa ya mawe. Sendika ya wachimba mina ya kule, United Mine Workers, ilizaliwa mwaka 1890, na watu wake wengi walikuwa wa hilo jimbo. Msimu wa kuwinda paa kwa bunduki ulikuwa unaanza Jumatatu baada ya sikukuu ya Shukrani, ile ya Alhamisi ya nne ya Novemba. Ilikuwa hivyo toka 1963. Mwaka 2019 walihamisha siku ya kwanza ikawa Jumamosi. Ile Jumatatu, masomo mengi yalifunga milango, juu watoto na walimu wote walikuwa porini. Baba wa mina alingoja siku ile kama sisi tunavyongoja mwisho wa mwezi. Paa mmoja mu friji alikuwa nyama ya wiki nyingi, na wakati wa mgomo au wa kufungwa kwa mina, ile nyama ilikuwa si mchezo.

Lakini tusiseme habari nusu. Mwaka 1909, Pennsylvania ilitunga sheria: mgeni ambaye hajapata uraia asiwinde mnyama wa pori, na kwa hiyo asiwe na bunduki ya kuwindia. Wageni wa wakati ule walikuwa nani? Wengi ni Waitaliano, Wapolandi, Waslovaki, watu waliokuja kuchimba makaa na kuyeyusha chuma. Mtu mmoja, jina lake Patsone, Mwitaliano, alipeleka kesi mpaka mahakama kuu ya Marekani. Mwaka 1914 alishindwa. Walimwacha achimbe makaa yanayopasha nchi moto, lakini paa wa mlimani hapana. Leo ile sheria haiko tena. Kijana wetu, mgeni mwenye karatasi zake, anaweza kupita masomo ya usalama ya wawindaji, kulipa leseni yake na kuingia porini kama mwenyeji. Tulimwambia muzee habari hii mapema, kabla ya kusema neno moja la kalibre. Alisikiliza kwa sikio lake zuri.

Ndani ya kartushi kuna nini

Kartushi ina vitu vinne. Kuna ganda, kuna amorsi kwenye kitako cha ganda, kuna baruti ndani, na kuna risasi yenyewe kwa mbele. Ukivuta gashete, kipini kinagonga amorsi, amorsi inawasha baruti, moshi wa moto unasukuma risasi mu mtutu. Butefe yeyote anaelewa bila kufundishwa: ni tundu la mina lenye mlango mmoja wazi.

Ganda linatengenezwa kwa shaba na zinki: sehemu 70 shaba, sehemu 30 zinki. Risasi ya kawaida ina moyo wa madini ya risasi na koti jembamba la shaba lenye zinki kidogo. Shaba na zinki, ndiyo mina ya Kipushi yote mbili. Muzee alipoona kartushi kwenye picha, aliuliza kama ile shaba ni ya kwetu. Hakuna anayeweza kumjibu. Shaba ikishayeyushwa haina kijiji. Lakini ni ukweli kwamba shaba ya Katanga ilitengenezewa masasi toka vita ya kwanza ya dunia, na wachimbaji wa wakati ule hawakuulizwa baraka.

Kalibre ni upana wa risasi, au wa tundu la mtutu. Wamarekani wanapima kwa inchi. Wakisema .30, ni karibu milimita 7.6. Namba ya pili mu jina inabadilika maana kila mara, na hapo ndipo watu wanapotea.

.30-30, ile jirani aliyoitaja, ilitoka kwa kampuni ya Winchester mwaka 1895. Namba 30 ya pili ni uzito wa baruti ya mwanzo: greni 30, ni kusema karibu gramu 2. Ilitengenezewa bunduki ya mwaka 1894 ya fundi John Browning, ile ya kushusha na kupandisha mkono wa chuma chini ya kitako. Ilikuwa kartushi ya kwanza ya wawindaji wa Marekani, ya kalibre ndogo, iliyotumia baruti isiyotoa moshi mwingi. Hizo bunduki ziliuzwa zaidi ya milioni 7. Mu nyumba za wachimba makaa, nyingi zimerithiwa toka babu.

.30-06 ni ya jeshi la Marekani. Hapa 06 si baruti, ni mwaka 1906. Upana wa risasi ni ule ule wa .30-30, lakini ganda ni refu na baruti ni nyingi zaidi. Baada ya vita, basoda walirudi nyumbani wakiizoea, ikawa ya wawindaji.

.35 Remington ni ya mwaka 1906 pia: risasi pana, nzito, ya polepole, ya msitu mzito. .270 Winchester ni ya 1925: ganda la .30-06 lililobanwa shingo, risasi nyepesi ya mbio sana. .308 Winchester ni ya 1952: fupi kuliko .30-06, nguvu karibu sawa.

Na ile ya mutu wa duka? .300 Winchester Magnum, ya 1963. Watu wanaipeleka kwa wanyama wakubwa kupita paa, na kwa mbali sana.

Tuhesabu pamoja

Nguvu ya risasi inayoruka ni nusu ya uzito, mara mbio, mara mbio tena. Watoto wa sekondari wanaijua hesabu hii, waite mezani.

Tukamate risasi moja ya gramu 9.7. Ikitoka mu .30-30, inaenda karibu meta 730 kwa sekunde. Ikitoka mu .30-06, inaenda karibu meta 885. Tofauti ya mbio ni kama moja ya tano. Lakini juu mbio inahesabiwa mara mbili, nguvu inapanda karibu nusu: .30-30 inapata juli 2,580 hivi, .30-06 inapata 3,800. .35 Remington, na risasi yake ya gramu 13 kwa meta 635, inapata karibu 2,600, jirani kabisa na .30-30.

Mtu akiona hizo namba atasema: basi tukamate kubwa. Hapo kamarade wetu butefe alicheka. Alisema: "Baruti mingi haisaidie kama tundu halikutobolewa fasi yake." Mu mina, ukizidisha mzigo wa baruti mu tundu lililopinda, unapata mawe yanayoruka na dari linaloanguka, madini hayatoki zaidi. Kwa paa ni vile vile. Moyo na mapafu yake yanakaa nyuma ya bega, fasi ya ukubwa wa sahani, sentimita 20 mpaka 25. Risasi ya .30-30 ikiingia mu ile sahani, paa anakufa upesi. Risasi ya magnum ikiingia tumboni au mguuni, paa anakimbia na kidonda, anakufa usiku peke yake, nyama inaoza. Hapo nguvu yote ya duka imekuwa bure.

Wawindaji wengi wa Marekani wana kipimo chao cha zamani: kwa paa, risasi ifike na juli 1,350 hivi. Ni desturi yao, si sheria, lakini inasaidia kufikiri. .30-30 yenye risasi ya gramu 11 inashika kipimo hicho mpaka meta 150 na zaidi kidogo. Kisha inachoka. Pia inaanguka: ukiipanga ilenge sawa kwa yadi 100, yaani meta 91, basi kwa yadi 200 inashuka karibu sentimita 20. Ile ni sahani nzima. .30-06 inashuka karibu nusu ya hiyo tu.

Kwa hiyo swali la kwanza si "kalibre gani ina nguvu?" Swali ni "paa atakuwa wapi?" Tuliuliza jirani. Alisema kule wanakokwenda ni msitu wa mialoni na vilima. Mu miaka yake yote hajapiga paa aliyepita hatua 120, na wengi walikuwa chini ya 80. Kama kijana angewinda mu mashamba wazi ya mahindi, mtu anaona meta 250, tungemwambia .270, .308 au .30-06, bila haya. Mu ule msitu, .30-30 na .35 zinatosha, na .35 kartushi zake hazipatikani mu kila duka. Ya kwanza inapatikana.

Teke la bega

Bunduki inapopiga mbele, inapiga nyuma pia. .30-06 inarudisha teke karibu mara mbili ya .30-30. .300 Magnum inapita mara mbili. Bega la mtu linavumilia, lakini kichwa kinakumbuka.

Rafiki mmoja wa kazi alimpa kijana magnum yake ajaribu kwenye kiwanja cha shabaha. Piga ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili ilienda pembeni. Ya tatu ilitoka nje ya karatasi. Kijana alisema darubini imeharibika. Jirani hakubishana. Alikamata bunduki, akageuka, akaweka ndani ganda tupu bila kijana kuona, akamrudishia. Kijana akalenga, akavuta gashete. Tik! Hakuna mlio. Lakini mdomo wa bunduki ulishuka chini kama mtu anayesinzia kanisani, na macho yake yalikuwa yamefungwa.

Watu wote walicheka, na yeye pia. Halafu alielewa. Mwili wake ulikuwa unaogopa teke kabla halijafika, na ule woga ndio uliosogeza risasi. Darubini haikuwa na kosa. Mtu anayefumba macho hawezi kuona sahani.

Jirani akampa .30-30 yake. Walianza kwa meta 50, kartushi chache kwa siku, na baadaye mbali zaidi. Kila mara alichanganya ganda tupu kati ya mazima, mpaka mdomo wa bunduki ukatulia. Tuliona picha ya karatasi ya mwisho: risasi tano, kiganja cha mkono kinazifunika zote.

Tunasema tena juu ya masikio, na hapa tunasema kama sendika. Mlio wa bunduki kubwa unapita desibeli 150. Mpigo mmoja tu unaweza kuharibu sikio kwa daima. Muzee wetu anajua bei yake. Basi kofia za masikio, zile zile za mina, siku zote kwenye kiwanja.

Pua bapa

Kuna jambo moja ambalo mtu wa duka anaweza kusahau kusema. Bunduki nyingi za .30-30 zinabeba kartushi mu bomba refu chini ya mtutu. Zinalala mstari mmoja: pua ya ile ya nyuma inagusa kitako cha ile ya mbele, pale pale penye amorsi. Ukiweka risasi ya pua kali, teke la bunduki linaweza kuisukuma ile pua kama kipini, iwashe amorsi ya mbele yake ndani ya bomba. Mlipuko unatokea fasi mkono wako umeshika. Ndiyo maana kartushi za hizo bunduki zina pua bapa au ya mviringo, au siku hizi ncha laini ya plastiki iliyotengenezwa kwa bomba. Tazama karatasi ya sanduku, tazama na pua yenyewe. Kalibre ikiwa sawa na pua ikiwa mbaya, bado ni hatari.

Na kalibre yenyewe isomwe mara mbili: ile iliyoandikwa kwenye mtutu, na ile ya kitako cha ganda. .30-30, .30-06, .300, .308: zote upana karibu sawa, zote zinaanza na tatu, na haziachiane fasi. Weka kila aina mu sanduku lake, kama butefe asivyochanganya amorsi na mikate ya baruti.

Neno kwa wamama

Lugha yetu inaita kwa jina moja risasi inayoruka na madini ya risasi. Ile ya pili ni sumu kwa damu, na kwa watoto kuliko wakubwa. Ng'ambo ya mpaka wetu, Kabwe, mina ya risasi ilifungwa mwaka 1994, na mpaka leo udongo wake unawasumbua watoto. Risasi ya moyo wa madini hayo ikipiga paa inavunjika, na vipande vidogo ambavyo jicho halioni vinabaki mu nyama kuzunguka kidonda. Kwa hiyo: kata, tupa nyama yote ya kando ya kidonda, usihurumie. Usiisage kwa watoto au kwa mama mwenye mimba.

Njia ya pili ni risasi ya shaba tupu. Jimbo la California toka mwaka 2019 halikubali tena madini ya risasi kwa kuwinda. Shaba tupu inafunguka kama ua bila kuvunjika, lakini inataka mbio, kwa.30-30 inaomba zile zilizotengenezwa kwa mbio yake ndogo, tena zenye pua ya bomba. Zinauzwa ghali kidogo. Kijana wetu alichagua hizo, juu ana mtoto wa miaka miwili. Muzee aliposikia "shaba tupu" alitikisa kichwa kwa furaha, kama mtu aliyesikia jina la kijiji chake.

Jibu tulilompa muzee

Mwishoni mwa mwezi wa tisa tulimwita, tukamwambia hivi. Papa, bunduki ya mwana wako ni .30-30, ya mkono wa pili, iliyokaguliwa na fundi. Inatosha kwa paa mpaka hatua 120 mu msitu. Mbali zaidi, asipige. Amekwisha kupita masomo ya usalama. Porini atavaa rangi ya machungwa ile ya kung'aa, kichwani, kifuani na mgongoni. Sheria ya Pennsylvania inataka isipungue inchi 250 za mraba, karibu sentimita 1,600, na ni kama jile yetu ya mina, ili mwenzako akuone. Nyumbani itakaa bila kartushi, mu sanduku la chuma, na ufunguo fasi ingine mbali na mtoto.

Muzee aliuliza swali moja tu: "Na kama anakosa, ile risasi inaenda wapi?"

Wote tulinyamaza. Tulikuwa tumehesabu juli na sentimita, na yeye peke yake aliuliza lile. Risasi iliyokosa inaweza kuruka kilomita nyingi. Tulituma swali kwa jirani, na jibu lake lilikuja siku ile ile: usipige kama hakuna udongo nyuma ya paa. Paa akisimama juu ya mgongo wa kilima, mbingu nyuma yake, yule si paa wako. Mchimba mina yule alisema anaanza kumfundisha kila kijana kwa neno hilo, kabla ya kumpa kartushi, na kwamba baba aliyeuliza vile ni mtu wa kazi.

Muzee akasema: "Sawa. Mumuambie nimekubali. Lakini muambie niliuliza."

Msimu ulipofunguka

Jumamosi ya kwanza, kijana alikaa chini ya mti toka giza mpaka giza. Saa ya jioni dume alitokea, pembe zake nzuri, hatua 90. Alisimama juu kabisa ya kilima, na nyuma yake hapakuwa na kitu, mbingu tu. Kijana alishusha bunduki. Marafiki walimcheka ku gari. Jirani hakucheka.

Ijumaa iliyofuata, jike alipita mu bonde. Leseni ya jike alikuwa nayo. Hatua 70, ukingo wa udongo nyuma. Alipiga mara moja, akangoja nusu saa kama alivyofundishwa, akafuata damu hatua 40 hivi, akamkuta. Sehemu moja ya nyama alimpa jirani. Sehemu ingine aliipeleka kwa ile kazi ya kugawia maskini nyama ya paa, ambayo Pennsylvania inayo toka mwaka 1991. Kuuza nyama ya pori kule ni marufuku. Iliyobaki bibi yake aliipika na nyanya na kitunguu, bukari ya unga wa mahindi pembeni.

Picha mbili zilifika ku telefone ya muzee, naye akatuletea bironi. Mu ya kwanza kijana amesimama na bunduki mkononi. Mu ya pili kuna sufuria, na mtoto wa miaka miwili ameshika kijiko. Muzee aliuliza alitumia risasi ngapi. Tukamwambia moja. Akaomba tumusaidie kufuta ile picha ya kwanza, na kuweka ya pili mbele, fasi inapowaka kila mara mtu anapompigia simu.